Shukrani za Familia: Baba Yetu, Mtangazaji, Amerejea Nyumbani

Familia ya marehemu baba yetu, aliyekuwa mtangazaji wa Sauti ya Kenya na baadaye wa Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle nchini Ujerumani, inamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia kumzika Jumamosi iliyopita katika makaburi ya Lang'ata, hapa Nairobi, kama alivyotuusia.

Tangu simu ilipolia saa kumi alfajiri kutoka Bonn, alikokuwa kwa matibabu, hadi ndege ilipotua, zilipita siku 19, na hizo zilitulemea kuliko mazishi yenyewe. Mtu akifia ughaibuni, kilio husubiri makaratasi: cheti cha kifo, kibali cha kusafirisha maiti, jeneza lenye bati la zinki, tafsiri na mihuri. Mara mbili tulitangaza siku ya mazishi na mara mbili tukaiahirisha, mara ya pili kwa sababu ofisi moja, ambayo hatutaitaja, ilikosea herufi moja ya jina lake na nyaraka zote zikaanza upya. Mama aliacha kuuliza. Alikaa sebuleni na redio yao ya zamani mapajani, haiwashi wala haiweki chini.

Gharama zilipotushinda tuliomba msaada, na hatufichi kwamba tuliomba kwa haya. Tulitarajia jamaa, lakini wengi walioitika hatukuwajua. Simu ya mweka hazina ilipokea shilingi 50, 100, 200, na wengine walijitambulisha kwa mahali tu, Kitale, Voi, Tanga, kama wasikilizaji walivyokuwa wakiandika enzi za kadi za salamu. Mama mmoja muuza mboga wa Kaloleni alileta shilingi 200 mkononi, zimefungwa kwenye pindo la leso, akasema marehemu mumewe alikuwa hagusi chakula hadi baba amalize kusoma habari. Siku hiyo mama alicheka, mara ya kwanza tangu msiba utufike. Mungu ambariki mama huyo.

Baba alijifunzia kazi katika studio za Barabara ya Harry Thuku, enzi za kukata kanda kwa wembe, akahamia Köln mwaka 1981, na redio ilipohamia Bonn mwaka 2003 akahama nayo. Habari nyingi kubwa zilipita kinywani mwake, ikiwemo ya kuanguka kwa Ukuta wa Berlin mwaka 1989, lakini aliyotusimulia ni moja, tena mara moja tu. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani hapa Nairobi, aliingia studio kusoma habari za mji wake huku hajui kama mdogo wake, aliyekuwa akifanya kazi Haile Selassie Avenue, yu hai. Alisoma hadi mwisho. Simu ya nyumbani aliipata jioni.

Baba mdogo huyo, mwenye kovu la kioo shingoni hadi leo, ndiye aliyesimama kwenye ghala la mizigo la Uwanja wa Jomo Kenyatta hadi saa nane usiku akimpokea kaka yake. Baba mdogo, asante. Hatuna neno jingine. Tunamshukuru pia dereva wa gari la maiti, aliyesubiri muda wote huo na kukataa malipo ya ziada, na fundi mitambo mstaafu aliyetuletea kanda ya mwaka 1978, tukamsikia baba akiwa kijana, akikohoa kidogo kabla ya kusoma.

Shukrani ziwaendee pia kasisi na waumini wa parokia yetu, kwaya, umoja wa akina mama, kamati ya mazishi, watangazaji wenzake wa huku na wa Ujerumani, majirani waliopika usiku na mchana, madaktari na wauguzi, na vijana waliobeba jeneza.

Kwa wote tuliowasahau, twaomba radhi kwa dhati. Daftari la rambirambi lilinyeshewa na mvua pale makaburini na kurasa nyingi za mwisho hazisomeki, kwa hiyo wapo waliotoa kingi ambao hatuwezi hata kuwapigia simu. Tafadhali msilichukue kuwa dharau. Mungu aliyeona ndiye atakayewalipa.

Sufuria mbili kubwa, birika na viti sita vya plastiki vilivyobaki baada ya matanga viko nyumbani. Wenyewe waje wavichukue, mama atakuwa na chai.