Barua ya wazi kwa walimu vijana wa Lubumbashi wanaopima njia na shule

Wanangu walimu,

Nawaandikia kutoka Katuba, katika wiki hizi za mwezi wa nane ambazo kila mwaka huniletea wageni barazani. Mmoja anakuja akiwa ametoka tu kumaliza masomo ISP, chuo cha ualimu, mwingine ana miaka minne darasani na amechoka na shule aliyo nayo, na wote wananiuliza jambo lilelile: Papa Mwalimu, nimepata nafasi mbili, moja iko karibu na nyumbani na nyingine iko upande wa pili wa mji, nichukue ipi? Juma lililopita dada mmoja wa hapahapa Katuba aliniambia kwamba amekwisha kuikataa shule ya upande wa Ruashi, bila hata kwenda kuonana na prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, kwa sababu ya urefu wa njia. Siku mbili baadaye alikuja kijana mwenye furaha kubwa, amepata shule iliyo avenyu mbili tu kutoka kwao. Nilipomuuliza darasa lake litakuwa na watoto wangapi, hakujua. Nilipomuuliza walimu wa pale hulipwa tarehe gani, hakujua pia. Ni hao wawili walionifanya nichukue kalamu.

Nimefundisha katika mji huu miaka 34, katika shule nne, na mojawapo ilikuwa karibu na nyumba yangu kiasi kwamba nilisikia kengele yake nikiwa ninanawa uso. Ninachowaomba ni mgeuze mpango wa maswali yenu. Ulizeni kwanza habari za ndani ya shule, kisha ndipo mrudi kuipima njia, kwa sababu njia ni kitu ambacho mara nyingi unaweza kukipunguza kwa ratiba nzuri au kwa kuhama nyumba, lakini uongozi mbaya na darasa lililofurika hutavipunguza wewe peke yako, hata ukikaa mlango kwa mlango na shule.

Shule hiyo ya karibu niliichukua kwa kosa lilelile la kijana wangu wa juzi. Ilikuwa dakika kumi kwa miguu. Darasa langu la kwanza lilikuwa na wanafunzi 87. Dawati lililotengenezwa kwa ajili ya wawili lilikaliwa na wanne, na yule wa nne aliandika akiwa amegeuza mwili wote upande, daftari juu ya goti. Nilifika nyumbani mapema, ni kweli, nilikula chakula kikiwa bado cha moto, lakini mchana wote uliobaki uliishia katika kusahihisha daftari zisizokwisha. Mshahara ulichelewa, na ulipokuja ulikuwa umekatwa bila mtu kutueleza kitu. Na kwa kuwa kila mtu alijua ninakokaa, mwalimu yeyote asipoonekana, aliyetumiwa mtoto wa kumwita alikuwa ni mimi. Nimeitwa nikiwa na malaria, nimeitwa Jumapili baada ya misa. Mke wangu ndiye aliyetambua kwanza kwamba nilikuwa ninaharibika. Alinikuta jioni moja nimeshika fishi, yaani karatasi za maandalizi ya masomo, za mwaka uliopita, ninafuta tarehe kwa raba na kuandika mpya juu yake, na akaniuliza kwa sauti ya chini kama hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Niliondoka mwisho wa mwaka ule.

Shule iliyofuata ilikuwa mbali kuliko zote. Nilipanda gari mbili kwenda na mbili kurudi, saa moja na robo kila upande njia ikiwa nzuri, na nilikaa pale miaka 11. Siku ya kwanza prefe aliniuliza ninakaa wapi, akachukua chaki, akachora ratiba ubaoni mbele yangu na kuzikusanya saa zangu zote katika siku nne, bila saa ya kwanza ya Jumatatu. Sikuwa nimemwomba. Baadaye nilijua kwamba aliwafanyia hivyo wote waliotoka mbali, na ndiyo maana walimu wake hawakuwa wakihamahama.

Hapo, wanangu, naomba mtulie kidogo, hasa ninyi wa sekondari, kwa sababu jambo hili la ratiba ni kubwa na karibu hakuna anayelifikiria kabla ya kusaini. Mwalimu halipi njia kwa kilomita, analipa kwa siku. Ukiwa na saa na robo kwenda na saa na robo kurudi, siku tano ni saa kumi na mbili na nusu za barabarani kila wiki. Saa zilezile za kufundisha zikikusanywa katika siku tatu, njia inakuwa saa saba na nusu, nawe unabaki na siku mbili nzima za kuandaa na kusahihisha. Kinyume chake, nimewaona walimu wanaokaa karibu na shule wakaharibiwa siku zao zote na ratiba yenye matundu: kipindi kimoja asubuhi, kisha kungoja mpaka kipindi cha nne, kisha kungoja tena. Kwa hiyo unapoongea na mkuu wa shule, muulize saa zako zitapangwaje, na mwombe akuonyeshe ratiba ya mwaka uliokwisha. Wa shule ya msingi hawana nafasi hiyo, maana darasa ni lao kila siku, na kwa hao naiona njia ndefu kuwa mzigo mzito zaidi. Mwalimu wa msingi aliyeanza kulala garini akirudi, ifikapo mwezi wa tatu atakuwa anawalaza na watoto.

Sasa njia yenyewe. Mji wetu ni tambarare, hauna milima ya Bukavu, na ukiutazama kwenye ramani kila kitu kinaonekana karibu. Kinachochosha ni kubadilisha gari. Mtu wa Katuba anayekwenda Ruashi kwa kawaida hupita mjini kati, anashuka, anatafuta gari ya pili pamoja na mamia ya watu wengine, na ile dakika ishirini ya kusimama ndiyo inayompasua kichwa kuliko mwendo wenyewe. Kwa hiyo hesabuni gari, msihesabu umbali. Gari moja, hata ikienda mbali, unakaa, unaweza hata kusoma. Gari mbili zinavumilika, kama mimi nilivyovumilia, ikiwa shule ni nzuri kweli. Gari tatu sijamwona mwalimu aliyezimaliza miaka miwili bila kudhoofika, na sitamshauri mtoto wangu ajaribu, hata shule iwe na jina kubwa namna gani.

Tena mnaipima njia mwezi wa nane, na mwezi wa nane unadanganya. Udongo ni mkavu, vumbi jekundu ndilo tatizo pekee, wanafunzi wako likizoni, na vituoni hakuna msukumano. Mvua zikishika, kuanzia mwezi wa kumi na moja, avenyu nyingi za kartiye zetu, yaani mitaa yetu, hazipitiki kwa gari, na dereva wa pikipiki atakuomba pesa maradufu au atakataa kabisa. Ukienda kuitazama shule, tazama kuta za nyumba zilizo njiani: mahali maji yanapokaa, yanaacha mstari mwekundu ukutani, na mstari huo ukikufikia magotini basi ujue utavua viatu. Muulize mama anayeuza mandazi pale kituoni gari hupatikana saa ngapi katika mvua. Yeye yupo hapo kila siku na hana sababu ya kukuficha. Shule ikianza saa moja na nusu, jaribu safari hiyo asubuhi ya siku ya kazi, ukitoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro, na ukumbuke kuongeza nusu saa juu ya muda uliopata.

Kwa wanaopewa zamu ya mchana, neno moja tu: ipime njia ya kurudi, hiyo ya kwenda iacheni. Shule inayofungwa saa kumi na moja na nusu inakuacha njiani giza likiingia mwezi wa sita, kwa kuwa wakati huo jua huzama kabla ya saa kumi na mbili, na dada zangu wanajua kituo chenye giza kina maana gani.

Kuhusu pesa, nitasema zaidi, maana hapa vijana wanaonewa kwa kutojua. Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, ambayo ndiyo inayowatawala walimu wa shule za binafsi, inaitenga pesa ya transporti na mshahara. Hivyo mwenye shule anapokutajia jumla moja na kusema kwamba “transporti imo ndani,” mwombe aandike kila kimoja kwenye mstari wake. Tuchukue mfano wa nauli ya faranga 1,000 kwa kila gari: gari nne kwa siku ni 4,000, na kwa siku 22 za kazi za mwezi ni 88,000. Toa hiyo katika mshahara wa shule ya mbali kabla hujaulinganisha na ule wa karibu. Mara nyingi utaona kwamba shule ya mbali iliyokuwa inang'aa imekuwa sawa na ya karibu, na wakati mwingine hata baada ya kutoa bado inazidi. Hesabu hiyo ifanywe kwa kalamu, na mwenzi wako wa nyumbani akiwepo.

Kwa shule za serikali na zile za makanisa zilizo chini ya serikali, swali la kwanza ni kama nafasi unayopewa imekwisha kuingizwa katika malipo ya serikali au kama utakuwa “nouvelle unité,” yaani kufundisha ukingoja kuandikwa. Tangu elimu ya msingi kuwa bure mwezi wa tisa 2019, wazazi wa shule za msingi za serikali hawapaswi tena kulipa prime, yaani mchango wao wa kuwalipa walimu, na ni haki ya watoto, sitaipinga kamwe. Katiba ya 2006 ilikuwa imekwisha kuahidi hivyo. Lakini maana yake kwako wewe ni kwamba asiye kwenye orodha ya malipo hana pengine pa kutegemea, na madarasa nayo yamejaa. Kulipa nauli kila siku kwenda mahali usipolipwa ni jambo ambalo sikubali kuliita moyo wa kujitolea. Ikiwa lazima ungoje, ngojea katika shule unayoifikia kwa miguu.

Na ndani ya shule mtajuaje? Msimsikilize mkuu peke yake. Ombeni kuona chumba cha walimu. Mahali ambapo hakuna hata meza ya kusahihishia, utasahihisha nyumbani usiku, na huo ni muda unaopaswa kuuongeza juu ya muda wa njia. Tazameni choo cha walimu. Mtafuteni mwalimu mmoja nje ya lango, mkae naye kwenye kivuli, mmuulize wangapi wameondoka tangu mwaka ulipoanza. Shule inayobadilisha walimu sita kwa mwaka ina ugonjwa, na ugonjwa huo mtaambukizwa hata kama mnaamka saa moja kasoro na kufika kwa wakati.

Wapo wasioweza kuufuata mpango wangu wa maswali, na sitaki wajione wamekosea. Mama mwenye mtoto anayenyonya ana haki ya kuitanguliza njia. Kwake shule ya karibu ya wastani ni bora kuliko nzuri ya mbali, walau kwa mwaka huo mmoja. Vilevile anayemtunza mzazi mgonjwa. Mwaka binti yangu alipougua nilikuwa ninafundisha kule mbali, na habari ilinifikia saa nne asubuhi. Nilifika hospitali saa saba kasoro. Alipona, Mungu asifiwe, lakini zile saa tatu karibu sijazisahau, na ninazitaja ili msifikiri kwamba njia ni kitu kidogo machoni pangu.

Wengine wataniambia, basi tuhamie karibu na shule nzuri. Ni shauri jema, ila msiharakishe. Sheria hiyohiyo ya kazi ya 2002 inaruhusu muda wa majaribio, ulioandikwa katika mkataba, usiozidi miezi sita kwa kazi kama yetu. Ukilipa garanti ya nyumba, yaani pesa ya dhamana kwa mwenye nyumba, mwezi wa tisa, halafu mwezi wa pili ukaambiwa hufai, utabaki na nyumba mbali na ndugu zako na bila kazi. Vumilia njia mpaka muda huo upite, huku ukiiangalia shule jinsi wao wanavyokuangalia wewe, kisha ndipo utafute nyumba, ikiwezekana katika msimu wa ukame, ukiwa umekwisha kuona mvua zinafanya nini pale.

Dada wa Katuba aliyeikataa shule ya Ruashi alirudi kwangu jana. Nimemwomba aende akaonane na prefe hata kama moyo wake umekwisha kukataa, aombe ratiba, aulize kuhusu transporti, aingie chumba cha walimu. Anakwenda Jumatatu asubuhi, na amekubali kutoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro. Ninyi wengine ambao bado mna karatasi mbili mkononi, mlango wangu uko wazi kila jioni kuanzia saa kumi. Njooni na hesabu zenu zikiwa zimeandikwa, tuzisome pamoja.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu, Katuba, Lubumbashi