Barua ya wazi kwa mdogo wangu: trauti wa nyanda za juu havuliwi kama changu wa Dar

Mdogo wangu,

Salamu kutoka Mbeya. Ujumbe wako nimeupata, kwamba wewe na wenzako wawili mnataka kupanda huku Pasaka na fimbo zenu za baharini, mkavue trauti, samaki wa maji baridi, katika mto Kiwira na mito ya Mufindi kwa nzi bandia, yaani ndoano iliyofungwa uzi na manyoya ifanane na mdudu. Nakujibu hadharani kwa sababu swali lako wanaliuliza wengi. Watu wanapanda na vifaa vya mahali pengine, msimu usio wake, wanakanyaga mto kwa kishindo, kisha wanashuka wakisema mito yetu haina samaki. Samaki wapo. Ila mto mdogo wa mlimani huvuliwa kwa magoti kabla ya mkono, na hilo nataka likuingie kabla hujanunua chochote.

Kwanza, Pasaka msije. Machi na Aprili huku ni mvua ya kweli. Maji yanateremka na udongo wa mashamba ya viazi, mto unageuka rangi ya chai ya maziwa, na trauti ni samaki anayewinda kwa macho. Kuna na radi. Fimbo za kisasa ni za kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Mtu aliyesimama kwenye nyasi tupu za mlimani ameinua fimbo ya futi 8 anajitafutia kifo. Mkisikia ngurumo hata ya mbali, lazeni fimbo chini na mwondoke penye uwazi.

Maji huanza kusafika mwishoni mwa Mei. Juni hadi Agosti yanakuwa maangavu kabisa, lakini baridi ni kali, na sehemu za juu umande unaganda kwenye majani. Wageni wengi wanaamka alfajiri kwa mazoea ya baharini, wanatetemeka kwa muda wa saa nne nzima bila samaki kugusa ndoano. Maji yakiwa ya baridi hivyo samaki amelala tu chini, na wadudu wa majini hawajaibuka. Anzeni saa nne asubuhi. Wakati mzuri ni kati ya saa tano na saa tisa, jua likishapasha mawe. Septemba na Oktoba wadudu ni wengi zaidi ila maji yamepungua, kwa hiyo mje na kipimajoto kidogo. Trauti yuko katika hali nzuri maji yakiwa nyuzi 10 hadi 16 za Selsiasi. Yakifika 20, kunjeni kamba. Maji ya vuguvugu hubeba oksijeni kidogo, na samaki aliyepigana mpaka akachoka anaweza kuogelea vizuri mbele ya macho yako akaenda kufia mbele.

Joto hilo ndilo linalomfunga samaki huyu milimani. Trauti si wa kwetu kwa asili. Yule wa upinde wa mvua ametoka mito ya upande wa Pasifiki, Amerika ya Kaskazini, na yule wa kahawia ametoka Ulaya. Waliletwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, wakashika pale tu maji yalipokuwa baridi. Ufuate Kiwira kuelekea Ziwa Nyasa, na ukishuka vya kutosha unamwacha trauti nyuma. Kule chini, Kyela, mwenye sifa ni mbasa, ambaye hupanda mito wakati wa mvua kutaga. Huyo ni wa ziwa lile tu na yumo hatarini kutoweka. Akiwa anapanda, mwacheni apande.

Sasa vifaa. Fimbo ya baharini hurusha risasi, kile kipande kizito cha kuzamishia, na hiyo ndiyo inayovuta uzi. Kwa nzi bandia ni kinyume: nzi hana uzito wa maana, kinachorushwa ni kamba yenyewe, ambayo ni nene na ina uzito uliopimwa. Ndiyo maana kamba hupewa namba, na namba ya kamba lazima ilingane na iliyoandikwa kwenye fimbo. Kwa mito yetu chukua namba 3 au 4, fimbo ya futi 7 hadi 8, ya vipande 4 ili iingie kwenye begi la basi. Rili yoyote ndogo inatosha, kazi yake hapa ni kutunza kamba tu.

Mbele ya kamba unafunga uzi wa nailoni unaopungua unene, futi 7 na nusu, na mwisho wake ncha ya 5X. Namba hizo zina hesabu rahisi: toa namba ya X kwenye 11, utapata unene kwa sehemu za elfu za inchi. 5X ni elfu 6, yaani milimita 0.15. Ukiona samaki anapanda, anamtazama nzi, halafu anageuka, teremka hadi 6X, iliyo nyembamba zaidi, kabla ya kubadilisha nzi. Fundo la kufungia nzi: pitisha uzi kwenye tundu la ndoano, zungusha ncha mara 5 juu ya uzi wenyewe, irudishe kwenye kitanzi kilicho karibu na tundu, ulowanishe kwa mate, ndipo ukaze taratibu. Fundo likikazwa kavu, nailoni hujichoma kwa msuguano, na litakatikia hapohapo siku ya samaki mkubwa.

Kuhusu nzi wenyewe, msitegemee kuwanunua Mbeya wala Iringa mjini. Njooni na nzi aitwaye Adams, wa kuelea, wa ndoano namba 14, na aitwaye Pheasant Tail wa 14 na 16 kwa ajili ya chini ya maji. Lakini nakushauri ujifunze kufunga mmoja wako mwenyewe, kwa vitu vya hapahapa. Mwombe fundi wa kusuka mota kipande cha waya mwembamba wa shaba, na kwa anayefuga kanga omba manyoya madogo ya shingoni na mabegani. Uzi uwe wa cherehani, mwembamba kuliko wote utakaoupata.

Bana ndoano ya namba 14. Anza kuzungusha uzi milimita 2 nyuma ya tundu, urudi nao hadi pale ndoano inapoanza kupinda. Hapo funga waya, uuzungushe kuja mbele, mzunguko ukigusana na mzunguko, usimame kwenye zile milimita 2. Funga waya, kata. Chukua unyoya wa kanga ambao nyuzi zake hazipiti urefu wa ndoano, nyofoa manyoya laini ya shinani, ufunge kwa ncha, uuzungushe mara moja na nusu. Usiongeze. Wengi wanazungusha mara 4 wakidhani nzi mnene anavutia, kumbe anakataa kuzama, na nyuzi zikisongamana hazichezi tena majini, na ule mchezo ndio unaomdanganya samaki. Maliza kwa mafundo 3 na tone la rangi ya kucha isiyo na rangi. Kama hukuacha zile milimita 2, uzi utaziba tundu na nzi hatafungika.

Halafu minya kijino cha ndoano kwa koleo kiwe bapa, kila ndoano. Itatoka mdomoni mwa samaki bila kumchana, na itatoka sikioni mwa mwenzako pia.

Mkifika mtoni msikimbilie kuingia majini. Trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, akisubiri chakula kiletwe na mkondo. Nyuma yake haoni vizuri, kwa hiyo mpandieni kutoka chini kwenda juu. Juu yake ana dirisha la duara analoonea nchi kavu, na mwanga unavyopinda kwenye maji, kitu kilicho chini sana pembeni hakionekani. Aliyesimama wima ukingoni anaonekana mzima, aliyepiga magoti mita 6 nyuma haonekani. Kishindo nacho anakisikia kupitia ubavuni, hasa kwenye kingo za udongo mweusi laini. Angalieni kivuli kiko upande gani kabla ya kila hatua.

Tafuta pale maji ya kasi yanapopakana na maji ya polepole: nyuma ya jiwe, chini ya ukingo uliolika, kichwani mwa kidimbwi chini ya poromoko. Anza na sehemu ya chini ya kidimbwi, maana ukimshtua mdogo aliye mkiani atakimbia juu na kuwaamsha wakubwa.

Kamba toa futi 15 hadi 20 tu. Inua fimbo taratibu, ongeza kasi, isimamishe ghafla ikiwa nyuma kidogo ya sikio. Ngoja kamba inyooke nyuma yako, kisha mbele, isimame tena usawa wa macho. Kosa kubwa ni kulegeza kifundo cha mkono: fimbo inalala nyuma, kamba inaanguka, nzi ananasa kwenye nyasi. Kosa la pili ni kutosubiri, na hilo utalisikia kwa mlio wa mjeledi; ukiusikia, kagua, nzi huenda ameshakatika. Palipo na vichaka nyuma, vuta kamba polepole juu ya maji hadi itengeneze tumbo kando ya bega lako, kisha piga mbele kwa nguvu, itajikunjua bila kwenda nyuma.

Nzi akishatua, aende na maji bila kuvutwa. Akianza kuchora mstari juu ya maji, mkondo unavuta kamba yako, na trauti hali kitu kinachokwenda hivyo. Inua fimbo ili kamba isiguse maji ya kasi.

Mkamata samaki alowanishe mikono kwanza, maana mkono mkavu unamvua ute unaomlinda. Atolewe ndoano akiwa ndani ya maji, ashikwe ameelekea juu ya mto mpaka aondoke mwenyewe. Mkitaka wa kula, chukueni wachache mliokubaliana nao na wenye eneo. Msimhamishe hata mmoja akiwa hai kwenda kijito kingine: anakula samaki wadogo wa asili, na akishaingia hatoki.

Miguuni, acheni gambuti ndefu. Zikijaa maji zinakuvuta chini. Raba zenye soli ya kukwaruza na soksi za sufi zinafaa zaidi, na mwisho wa kuingia ni magotini.

Mkishazoea, mtasikia habari za Mnyera na Ruhudji, mito inayobeba maji ya Mufindi na Njombe kuyashusha Kilombero. Kule kuna tigafishi, samaki wa meno, anayetaka kamba namba 9 na kipande cha waya wa chuma mbele ya nzi, na majini kuna mamba na viboko. Hiyo ni safari nyingine, ya waongozaji na boti. Msiiunganishe na hii.

Kuhusu vibali, uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya 2003, kwa hiyo mnaanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri, kisha mtendaji wa kijiji mto unakopita. Mufindi, mito mingi inapita ndani ya mashamba ya chai, na humo ruhusa ni ya uongozi wa shamba. Barabara ya Isyonje itawapeleka hadi Kitulo, lakini ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ndani yake fimbo haifunguliwi bila idhini ya TANAPA. Nitumie tarehe na majina ya wenzako mapema, ofisini nipite siku ya kazi, maana mkifika Jumamosi bila karatasi mtakaa mpaka Jumatatu.

Kaka yako,
Mbeya