Mwanangu, msumeno huo usiulipe kwanza

Konde, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, masika yametulia, na bati la jikoni linavuja pale pale. Ama baada ya salamu, picha zako nimeziona na sauti yako nimeisikiliza mara mbili. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi, nikisema neno moja wewe ushajibu matatu.

Unasema umeuona msumeno wa moto, huu wa petroli wa kukatia miti, Mwanakwerekwe, laki tatu na nusu, umeandikwa 58, upanga wake, lile bapa refu linalozungukwa na mnyororo wa meno, inchi 22, na muuzaji kakwambia huo unaangusha hata mbuyu. Sisi hatuna mbuyu. Hebu nikwambie tulichonacho.

Jana baada ya Alasiri nilichukua futi yangu ya cherehani nikazunguka kiambo kizima, watoto wa shangazi yako wananicheka nyuma. Ile minazi miwili iliyokufa karibu na choo, mmoja mzingo wake sentimita 88, mwengine 95. Ukigawa kwa tatu unapata unene wa kama sentimita 30. Mfenesi unaomwaga majani kisimani una 118, basi ni kama 38 au 39. Matawi ya mwembe yaliyolalia bati, lililo nene kuliko yote halifiki paja langu. Sasa upanga wa inchi 14 ni kama sentimita 35, wa inchi 16 ni 40. Hesabu hiyo hata mimi niliyeacha skuli darasa la saba naiweza: miti yetu haitaki upanga wa inchi 22.

Umebaki mwembe wenyewe. Futi yangu ya mita moja na nusu ilikwisha na sikuufikia hata nusu yake. Huo sitaki uuguse, na wala usinibishie. Uko hatua sita kutoka ukuta wa chumba cha bibi yako, na umeinamia huko huko. Tutamwita mtu ambaye ndiyo kazi yake, aje na kamba na vijana wake, tumlipe, tumpikie na wali.

Hiyo 58 waliyoiandika ubavuni ni ujazo wa injini kwa sentimita za ujazo. Mara nyengine stika inasema kikubwa kuliko chuma kilichomo ndani. Kwa kazi yetu injini ya 35 mpaka 40 inatosha, na inabaki. Upanga mrefu unakula oili zaidi, una meno mengi zaidi ya kutia makali, na uzito wote unaelemea mbele. Wewe unakaa ofisini kutwa, mkono wako si wa kubeba chuma juu juu saa nzima. Mtu akichoka huinamisha upanga bila kujijua, na ncha ikagusa kitu. Hapo ndipo pana jambo ambalo sikupata kukwambia.

Lile kovu la marehemu baba yako begani, la upande wa kushoto, nyie tuliwaambia ameanguka mkarafuuni. Hakuanguka. Alikuwa anakata mshelisheli ulioangushwa na upepo, msumeno wenyewe ule mkubwa wa zamani alioununua kwa mtu, na kile kinga cha mbele ya mkono kilikuwa kimevunjika akakitoa kabisa, akisema kinamzuia kuona. Ncha ya upanga, ile sehemu ya juu yake, ikagusa tawi jengine lililojificha chini ya majani. Msumeno ukapiga teke, ukamrudia yeye mwenyewe. Sikusikia ukelele, nilisikia mashine imezima tu, nikajua. Alikuja mpaka mlangoni kwa miguu yake, ameshika bega kwa shati, akaniambia, “Usiwaamshe watoto.” Nyuzi kumi na mbili.

Kile kinga si cha kuzuia vumbi, mwanangu. Ni mkono wa breki. Msumeno ukiruka, kinasukumwa mbele na mnyororo unasimama papo hapo. Kwa hiyo usimuulize muuzaji ngapi, muulize breki iko wapi, na akuonyeshe inafanya kazi. Auwashe mbele yako, mnyororo uzunguke, kisha asukume kinga mbele. Mnyororo usimame hapo hapo, sio ujivute kidogo kidogo. Kama anasema “hii kwanza uizoee”, toka dukani.

Ukiwa bado umewaka, aachie gesi kabisa. Ukinguruma polepole mnyororo usitembee hata kidogo. Ukitembea, haujarekebishwa au umechakaa ndani. Halafu aelekeze ncha ya upanga kwenye kipande cha boksi, asiguse, aongeze gesi. Baada ya muda mfupi boksi lipate mstari wa matone ya oili. Lisipopata, pampu ya oili haifanyi kazi, na upanga utaungua rangi ya buluu kabla hujamaliza mnazi wa kwanza. Na kabla ya kuwashwa, vuta ile kamba polepole kwa mkono wako mwenyewe. Usikie injini inakukatalia, halafu inaachia. Ikija laini kama unavuta uzi kwenye kitambaa, silinda hiyo imeshakula chumvi nyingi.

Kuhusu chapa, ukiwa na pesa na ukiupata wa kweli, Stihl MS 170 ya Wajerumani ina injini ya sentimita za ujazo 30 na uzito wa kama kilo nne bila upanga. Ni mdogo, lakini kwa nyumba hii ni msumeno mzima. Lakini rangi ya chungwa na kijivu kila mtu anaweza kuipaka, na za bandia ni nyingi kiasi ambacho mtu wa kawaida hatofautishi. Ukiambiwa Stihl mpya kwa bei ya ule wa Kichina, jua ni ule wa Kichina umevaa kanzu ya kuazima.

Na huo wa Kichina siudharau. Ile jamii ya 45, 52 na 58 ina sifa moja kubwa: stika hamsini, vyuma vile vile. Kabureta ya huu inaingia kwenye ule, plagi, kamba ya kuwashia, chujio la hewa, vyote fundi wa Chake anavyo vimetundikwa ukutani. Msumeno mzuri ambao plagi yake mpaka uagize Dar, huo ni pambo la kabatini. Basi ukikosa mdogo, chukua wa 45, au hata huo wa 52, lakini mwambie akufungie upanga mfupi, wa inchi 16 au 18, na mnyororo unaooana nao. Namba zimepigwa kwenye chuma cha upanga karibu na injini. Zisipofanana na za mnyororo, mnyororo utatoka njiani. Wa umeme wa waya usiniletee, shambani hakuna soketi.

Sasa mafuta, na hapa nataka unisikilize kuliko pote.

Injini hii haina oili yake pembeni kama gari. Oili inachanganywa ndani ya petroli, kama zile Vespa za zamani za babu yako. Binamu yako alipouazima ule wa pili wa baba yako, uliokuwa bado mpya, akaenda kituoni akatia petroli safi kama anavyotia bodaboda yake. Anasema uliwaka vizuri ajabu, ukalia kwa sauti nyembamba kuliko siku zote, akafurahi. Ukakata magogo mawili, kwenye la tatu ukakwama kama umeshikwa na mtu. Fundi alipotoa ekzosi akaniita nitazame. Pistoni ilikuwa imechunika michirizi upande mmoja, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Akafuta mikono, akasema, “Bibi, hii nunua nyengine.”

Tangu siku hiyo nyumbani kwangu petroli ya msumeno ina dumu lake jeupe lenye kitambaa chekundu shingoni. Oili ya kuchanganya huwa imetiwa rangi makusudi, kwa hiyo ukiinua dumu kwenye jua unaiona. Petroli isiyo na rangi ya oili haingii kwenye msumeno, hata aje nani. Kipimo soma kitabu kilichomo ndani ya boksi. Kikisema hamsini kwa moja, lita 5 za petroli zinataka mililita 100 za oili. Kikisema arubaini kwa moja ni mililita 125, na hiyo misumeno ya bei nafuu myengine inataka ishirini na tano kwa moja, yaani mililita 200. Changanya ya kutumia mwezi huo tu, ya zamani hugandisha kabureta.

Na usije ukamuomba ami yako oili ya mashine ya boti. Najua ni rafiki yako na anayo kwa madumu, na wavuvi wote wa Kojani watakwambia oili ni oili. Mashine ya boti inapozwa na maji ya bahari, ile oili imetengenezwa kwa ajili hiyo. Msumeno unapozwa na upepo tu, unachemka zaidi. Nunua iliyoandikwa ya misumeno au ya injini zinazopozwa na hewa.

Oili ya mnyororo ni nyengine kabisa, ina tangi lake. Watu wengi huku wanatia oili chafu iliyotolewa kwenye gari. Ina unga wa chuma ndani yake, inasaga upanga, na inarukia nguo na mchanga wa kisima. Baba yako ikimwishia alikuwa anatia mafuta yangu ya kupikia. Miezi sita nilikuwa nakutuhumu wewe na dada yako kwamba mnakaanga mihogo usiku. Nisamehe kwa hilo, ingawa mihogo nayo mlikuwa mkikaanga.

Mnyororo niachie mimi. Aliyekuwa akiutia makali nyumba hii ni mimi, hukuwa ukijua kwa sababu nilikuwa nikifanya wakati mko chuoni. Nikikaa juu ya mbuzi wa kukunia nazi, mashine imezimwa na plagi imetolewa, jino la kwanza nalitia rangi ya kucha ili nijue nilipoanzia. Tupa inasukumwa mbele tu, hairudishwi imegusa. Mara tatu kila jino, na kama jino moja limegonga jiwe likataka mara sita, basi yote yanapata sita, maana yakipishana urefu msumeno unakata kwa kupinda. Unamaliza meno ya upande mmoja, kisha unageuka. Utajua umeisha makali ukiona unatoa unga kama wa muhogo badala ya vipande vipande. Na minazi itakumalizia makali upesi, kwa sababu mnazi ugumu wake wote uko nje, ndani ni kama sponji. Tena mwambie mkwezi apande kwanza ashushe nazi na makuti makavu yote, ndipo msumeno uguse shina. Kuti moja likidondoka kutoka kule juu linatosha.

Nyengine unazijua, au unajifanya unazijua. Usikate juu ya bega. Usipande ngazi na msumeno, matawi ya mwembe tutayavuta kwa kamba kwanza. Viatu vya kufunga, si kandambili. Miwani, na kitu cha masikioni, mashine hizi zina kelele ya kumfanya mtu kiziwi uzeeni. Ulimuona baba yako mwisho wake alikuwa akiitwa mara nne.

Na kabla ya yote, mimi kesho kutwa nakwenda kwa sheha. Nataka nijue kibali cha kukata na cha msumeno wenyewe vinapatikanaje kwa watu wa misitu, tusije tukawasha mashine kijiji kizima kikasikia halafu tukaanza kujieleza. Ule mkarafuu mkavu wa mpakani usiutazame hata kwa jicho la pembeni. Mkarafuu, umekufa au u hai, una wenyewe wa kuulizwa, na ile ni eka ya babu yako, ina maneno yake.

Basi fanya hivi. Rudi dukani siku ya kazi, si Ijumaa mchana wakati anataka kufunga. Mfanye auwashe. Nipigie ukiwa umesimama pale pale, kabla hujatoa pesa, nisikie unavyonguruma. Ukiununua, uje nao kwenye boti mtupu, tangi limekaushwa, bila tone la petroli, na mnyororo uuvalishe ganda lake. Mchanganyiko tutafanya huku.

Tupa ya baba yako bado ninayo, imo kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda, lakini ni ya milimita 5.5, haiingii kwenye mnyororo mdogo. Ukichukua Stihl ndogo niletee mbili za milimita 4. Ukichukua ile ya 45 au 52, tazama kitabu, zile huwa zinataka 4.8. Usisahau na mpini wake, wa zamani ulioza.

Wasalaam,
Mama yako