Bunge letu na heringi wa Marstrand

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji mwenzangu wa Area C, hapahapa Dodoma, aliyeandika kwamba Dodoma imeshashika, serikali imehamia tangu 2016 na jiji tumepewa 2018, kwaiyo kilichobaki ni kujenga tu lodge na vyumba vya kupangisha. Nusu nakubaliana nae. Nusu nyingine imenikaa kooni, na kuisema inabidi niwapitishe kwanza kwenye kisiwa kimoja cha Uswidi kinaitwa Marstrand, mnivumilie.

Kwetu Kondoa sebuleni kulikua na kadi ya posta imebandikwa juu ya redio. Mzee alikua kibarua wa HADO, ule mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza 1973 kwa hela za Waswidi (wakubwa wanakumbuka 1979 ng'ombe walivyotolewa kwenye yale makorongo, ilikua kilio), na mtaalamu mmoja alipomaliza mkataba akamwachia ile kadi kama kumbukumbu. Nyumba nyeupe za mbao zimebanana mpaka ukingoni mwa maji, juu yake ngome ya mawe yenye mnara wa duara, chini imeandikwa Marstrand. Sisi watoto wa Kirangi, maji mengi tuliyowahi kuona ni ya korongo likishuka, tulikua tunabishana kama kweli pale wanaishi watu.

Wanaishi. Miaka ya karibuni kazi ilinipeleka Göteborg, mji mkubwa wa hukohuko Uswidi, wiki tatu, Jumapili moja nikapanda basi mpaka Koön, kisiwa cha jirani kinachotazamana na Marstrand, hapo unaingia kwenye kivuko na hata hujakaa vizuri ushafika. Magari upande wa pili hayaingii hivihivi bila kibali, mizigo inabebwa na vipikipiki vyenye boksi kwa mbele, yaani guta kabisa, nikacheka peke yangu nikakumbuka soko la Majengo. Mji wenyewe mdogo, watu kama elfu moja na mia tatu hivi ukijumlisha na wa Koön.

Sasa sikilizeni historia yake maana ndo imenifanya niandike. Mji ulianzishwa na mfalme wa Norwe, Håkon Håkonsson, miaka ya 1200, na uhai wake ulikua heringi, samaki mwenye umbo kama la dagaa ila saizi ya kiganja na zaidi. Shida ya heringi wa pwani ile ni kwamba anakuja anavyotaka. Katikati ya miaka ya 1500 alikuja kwa wingi wa ajabu, watu wakatajirika, wakajaa, miongo kadhaa baadae samaki kapotea na mji ukanywea. Mwaka 1658 Norwe na Denmark wakapoteza eneo lote la Bohuslän kwa Uswidi, Waswidi wakaanza kujenga ngome ya Carlsten mwaka uleule kwa jasho la wafungwa, na kazi haikuisha mpaka 1860. Afu 1747 heringi akarudi tena! Safari hii wakawa hadi wanamchemsha kwenye masufuria makubwa wapate mafuta, na mafuta yale yaliwasha taa za barabarani kwenye miji ya Ulaya. Kufika 1809 basi, hayupo tena.

Ila kuna kitu walifanya katikati ya neema hiyo nakipenda sana. Mwaka 1775 mji ulifanywa bandari huru, ushuru hamna na kila mtu na dini yake, Wayahudi ambao sehemu nyingi za Uswidi walikua hawaruhusiwi kukaa wakapata pa kuishi na pa kusalia. Ilidumu mpaka 1794 tu, wakaifuta. Ile ngome nayo ikabaki kuwa gereza, mfungwa wake maarufu ni Lasse-Maja, mwizi aliyekua anavaa nguo za kike kuwapoteza watu, alikamatwa kwa kuiba vyombo vya fedha vya kanisa akaingizwa humo 1813, akakaa miaka ishirini na kitu akiwapikia wakubwa wa ngome. Baadae zikaja bafu za bahari na matajiri wa kiangazi, mfalme Oscar II alianza kuja 1887, leo ni maboti na mashindano ya matanga. Wenyeji waliniambia kiangazi hupati pa kukanyaga, kipupwe nyumba nyingi giza, wenyewe wako mjini. Yaani heringi kageuka mtu.

Sasa sisi Dodoma heringi wetu ni Bunge. Bajeti ikianza Aprili, chumba cha elfu ishirini kinakua hamsini, bodaboda wamependeza, nyama choma mpaka usiku wa manane. Ikifika Julai pita Chang'ombe uone, wapishi wamekaa kwenye ndoo wanachezea simu. Na wenye nyumba wenzangu (mimi ni mmoja, sijifichi) wanamtoa mpangaji wa mwaka mzima ili wapate bei ya miezi mitatu. Naijua nyumba moja walimtoa nesi mwezi wa tatu, kitanda chake kilikaa nje ya geti siku mbili kikinyeshewa, afu mgeni wao akaenda kulala kwingine.

Msomaji wa Area C atasema wizara haziondoki. Sawa, sijasema zinaondoka, ila mshahara wa mfanyakazi wa wizara hauwezi kulipa bei ya kikao, na ndo huyo tunaemfukuza. Na tuna zabibu hapa zinazotoa mavuno mara mbili kwa mwaka, mashamba yanakatwa viwanja kila kukicha, eti tujenge lodge. Lodge za nani mwezi wa nane?

Mimi nina vyumba sita. Viwili mwaka juzi niliamua bei moja mwaka mzima, hata Bunge lije na ngoma, mke wangu alininunia wiki nzima. Julai iliyopita umeme wa vile vinne vingine sikununua hata wa elfu mbili. Mhariri, tumeni mwandishi wenu apite Chang'ombe usiku wiki ya kwanza ya Julai ahesabu madirisha yenye taa, afu aandike.

Mwenye vyumba sita,
Chang'ombe, Dodoma