Barua iliyokuja na chaja

Kondele, Kisumu
Jumatano, saa nne usiku

Mwanangu Akinyi,

Chaja yako uliisahau nyuma ya kochi. Nimeifunga ndani ya sweta ya kijivu. Omena zimo kwenye mkebe wa chini, nyanya yako amezikaanga mwenyewe, kwa hiyo usizimalize na wenzako siku ya kwanza. Na kwa kuwa kifurushi kinakuja Njoro hata hivyo, nimeona niweke na barua, maana kwenye simu unaniitikia "sawa baba" kabla sijamaliza kusema, halafu wiki mbili baadaye unanitumia picha nyingine ya mji uliozingirwa kwenye Civilization VI, ile gemu ya kompyuta ya kujenga taifa zamu kwa zamu.

Hiyo picha niliitazama dukani leo hadi mteja akaondoka na misumari ya inchi mbili badala ya nne. Zamu ya 74. Mji mmoja. Maajabu yako, yale mawe ya Stonehenge, yamesimama, Bustani za Babeli zimebakiza zamu sita, washenzi wanachoma mashamba yako, na yule askari wako wa rungu amejilalia katikati ya mji kama mlinzi wa benki siku ya Jumapili. Mji wenyewe ni mzuri, sikatai. Umeupanga kama sebule inayosubiri wageni. Lakini Civilization VI haikupi alama za sebule.

Mimi nilianza Mei 2020, gemu hii ilipotolewa bure kwa wiki moja kwenye Epic Games. Unakumbuka? Korona ilikuwa imefunga kila kitu, duka liko wazi lakini hakuna aliyekuwa anajenga. Wewe ndiye uliyeipakua, kwa bando langu, ukaicheza siku mbili ukaitupa. Mimi nikabaki nayo. Na kosa lako la leo ndilo lililokuwa langu kwa miezi mitatu mizima: nilipenda mji wangu wa kwanza kupita kiasi.

Piga hesabu hii. Kwa mwendo wa kawaida, setla (yule anayekwenda kuanzisha mji mpya) wa kwanza unayemuunda anagharimu nguvu ya kazi 80, na kila anayefuata anaongezeka 30. Stonehenge inagharimu 180. Yaani kwa yale mawe ungepata karibu masetla wawili, na masetla wawili ni miji miwili, na kila mji unaanza kuleta chakula, kazi na elimu yake tangu zamu ya kwanza ya kuzaliwa. Mawe yamekaa tu pale. Maajabu yana wakati wake. Mimi mwenyewe Kilwa Kisiwani siiachi kamwe, kwanza kwa sababu inaleta wajumbe watatu wa kutuma kwenye miji huru, pili kwa sababu ni yetu ya pwani na roho inaniuma nikiona Mfaransa wa kompyuta ameijenga. Lakini hiyo ni baadaye sana, ukishapata miji ya kuibeba.

Nasema setla kama tunavyosema Kenya. Najua uko Njoro, ambako Delamere, yule bwana wa Kiingereza, alipata ekari 100,000 mwaka 1903, na huko neno hilo si la utani. Mara ya kwanza nilipombonyeza setla nimwambie aanzishe mji, nilijiuliza ile ploti ilikuwa ya nani. Gemu haiulizi. Tena wale wasio na taifa inawaita washenzi, jina walilobandikwa babu zetu. Haya, tuendelee.

Setla unayeanza naye usimtembeze zamu tano ukitafuta peponi. Mweke zamu ya kwanza au ya pili, karibu na maji baridi. Mji ulio kando ya mto au ziwa unaanza na makazi 5, wa baharini 3, wa nchi kavu 2, na makazi yakijaa watu wanaacha kuongezeka hata ukiwa na chakula cha kumwaga. Hapa kwetu hakuna haja ya kukueleza sana. Reli ilipofika mwaka 1901 iliishia ukingoni mwa ziwa, wakapaita Port Florence, kwa sababu hapo ndipo mzigo ungepakiwa melini kwenda Uganda. Hakuna aliyeutafutia mji huu mandhari.

Baada ya hapo mimi huunda mpelelezi, halafu mpiga kombeo, halafu setla, halafu setla tena. Mpiga kombeo hayuko hapo kwa urembo. Setla anachukua mtu mmoja wa mji, na mji wenye mtu mmoja hauwezi kumtoa, kwa hiyo unamuunda huyo wa kombeo huku ukingoja mji ufike watu wawili. Nafasi ikitokea ndipo namtia fundi wa kulima mashamba na kuchimba migodi. Fundi wa kwanza ana kazi tatu tu kisha anatoweka, basi usimtume kulima ploti, yaani kipande cha ramani, ambayo hakuna raia anayeifanyia kazi. Nimekuona ukifanya hivyo. Mashamba matatu, watu wawili.

Kati ya mji na mji lazima ziwepo ploti tatu. Usiogope kuisogeza miji mpaka karibu na kipimo hicho. Wanaoanza huitawanya wakidhani kila mji unahitaji ufalme wake, kumbe mji unafikia ploti zilizo umbali wa hatua tatu tu, na nyingi hautazitumia kabla ya zamu ya 150. Tena siku hizi kuna nyongeza ya gemu iliyoleta utiifu: mji ulioutupa mbali, mlangoni mwa jirani mwenye watu wengi, utaasi na kumfuata yeye. Mimi hujipima hivi: zamu ya 60 niwe na miji minne. Nikiwa na mitatu nakunja uso, nikiwa na miwili naanza upya bila aibu.

Nitakwambia jambo ambalo mama yako analijua. Mwaka 2013 niliuziwa ploti Ahero, kando ya barabara, bei ambayo leo haitoshi kununua mlango wa geti. Nikasema acha kwanza nimalize kupaka duka la Kondele rangi na kuweka vigae. Vigae viko hapa, vizuri kabisa, ninavikanyaga ninapoandika. Ahero ina hadiwea nne, na hakuna yangu hata moja. Katika gemu ardhi inaisha hivyohivyo, kimyakimya, wewe ukiwa ndani unapanga sebule. Unainua kichwa zamu ya 80, pande zote rangi za watu wengine.

Sasa hao washenzi, maana najua ndio waliokutoa machozi. Hawaji kwa bahati mbaya. Kambi yao hutuma mpelelezi kwanza. Akiuona mji wako, anawekewa alama nyekundu ya mshangao juu ya kichwa na kugeuka mbio kurudi kambini. Akifika salama, kambi inaanza kutema askari. Hapo ndipo vita vinapoamuliwa, wala si pale mashamba yanapowaka. Mimi mara yangu ya kwanza nilimtazama akipita nikasema masikini, acha aende, hana neno. Kambi ilikuwa karibu na farasi, na kambi iliyo karibu na farasi hutoa wapanda farasi. Zamu kama kumi baadaye walikuja wanne. Nilikuwa na rungu moja, kama wewe.

Kwa hiyo askari wako wa kwanza asilale mjini. Msimamishe juu ya kilima, hatua tatu nne nje, mahali mpelelezi wao atapita. Ukimwona mtu mwenye ile alama, acha shughuli zote umfukuze, na mpiga kombeo akusaidie kumziba njia. Kwenye kadi za sera weka ile ya nidhamu, inaongeza nguvu 5 dhidi ya washenzi. Ukiifikia kambi yenyewe na kuivunja unapata dhahabu. Na ujue kambi mpya haizaliwi mahali ambapo jicho lako linafika, hivyo askari wawili waliosimama vilimani ni kama taa za usalama za pale stendi.

Tena jitahidi yule wa kombeo ndiye apige pigo la mwisho. Kila elimu katika gemu hii ina sharti dogo ambalo ukilitimiza unapunguziwa asilimia 40 ya kusoma, na sharti la upinde ni kuua adui kwa kombeo. Kukutana na taifa jingine kunakupunguzia elimu ya kuandika. Kuchimba mgodi penye rasilimali kunakupunguzia elimu ya gurudumu. Zisome hizo alama kabla ya kuchagua cha kusomea. Wewe hubonyeza tu ya kwanza unayoiona, kama ulivyojaza fomu ya chuo.

Kampasi, ule mtaa wa elimu wa mji, iweke penye milima: kila mlima unaopakana nayo unaongeza elimu 1. Nyufa za mvuke wa ardhini zinaongeza 2, na wewe Menengai iko hapo Nakuru, watu wanachimba mvuke huohuo. Lakini ujanja wenyewe uko kwenye bei. Gharama ya mtaa kama huo inapanda kadiri unavyozidi kuelimika, ila siku unapouweka chini bei inagandishwa. Kwa hiyo weka alama yake mapema, hata kama utaacha kuujenga na kumaliza setla kwanza. Ni kama yule mteja wangu wa Mamboleo anayelipia mabati 40 mwezi wa tatu kwa bei ya mwezi wa tatu, kisha anakuja na lori Desemba akienda kujenga nyumbani. Mimi huumia, yeye hucheka. Mtaa wa kwanza unaruhusiwa mji ukiwa na mtu mmoja, wa pili watu wanne, wa tatu saba.

Mafuriko usiyakimbie. Ukicheza na nyongeza ya 2019, mto utafurika na kukuvunjia shamba, lakini mara nyingi unaacha udongo unaoongeza chakula. Waulize watu wa Nyando kwa nini hurudi kila mara maji yakishuka. Jenga hapo, tunza fundi mwenye kazi moja iliyobaki, awe wa kukarabati.

Kiongozi, mchukue Trajan wa Roma. Kila mji wake unazaliwa na mnara wa kumbukumbu tayari, na barabara zinajichonga zenyewe, hivyo makosa yako hayataonekana sana. Ngazi ya ugumu iwe Prince, ya nne kati ya nane, ambapo kompyuta haijapewa upendeleo wowote. Ukishinda hapo, jaribu Amanitore wa Nubia, wapiga upinde wake hawana mchezo, halafu ni wa mto Nile, hata kama wazee wetu walitokea kusini zaidi.

Zamu ya 60 ikifika, nipigie picha nyingine. Sitaki kuona maajabu, nitahesabu miji.

Nyanya anasema uvae sweta yenyewe, si kuifanya mto wa kulalia. Mtihani wako wa kwanza ni Jumatatu, naikumbuka ratiba, ndiyo maana kifurushi nitampa dereva wa Ijumaa jioni na kumwambia stendi ya Njoro akukabidhi Jumatatu saa kumi. Ile chaja unayoazima kwa mwenzako, mrudishie kabla hajainunulia kufuli.

Baba yako