Kabureta Imeoshwa Mara Nne, na Land Rover Bado Inanuka Petroli

Mzee mmoja wa Mambrui alituletea Land Rover yake Series III asubuhi moja ya kusi, ardhi ikiwa bado mbichi kwa mvua ya usiku. Harufu ya petroli ilitangulia, gari likafuata. Eksosi inatoa moshi mweusi kwa mikupuo, injini inatikisika kama mtu mwenye homa, na mzee mwenyewe anaisukuma choki ndani ingawa ilikwisha kufika mwisho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hii kabureta imeoshwa mara nne, na mafundi watatu. Wa mwisho kaniambia ninunue mpya. Nimekuja nisikie na la kwako."

Nilimwomba atuachie gari siku mbili, na asinunue chochote kwanza.

Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote ni gari la makamo. Hii ya mzee ina injini ya petroli ya lita 2.25 na kabureta ya Zenith 36 IV, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Ni injini yenye subira kubwa. Itabeba nazi na mbao kutoka Marafa hadi Malindi hata ikiwa na hitilafu tatu kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu hitilafu zake hukaa muda mrefu bila mtu kuzishughulikia. Mwenye gari huja siku zinapokutana zote.

Gari likija na lawama ya kabureta, sisi hatuanzii kwenye kabureta. Tunaanzia kwenye moto wa plagi. Plagi zote nne za mzee zilikuwa na masizi makavu, meusi kama chungu cha kuni. Masizi ya namna hiyo ni petroli iliyozidi. Yangekuwa yameloa oili, tungezungumza habari ya ringi za pistoni. Lakini moto dhaifu nao huiacha petroli bila kuungua, na plagi ikatoka na sura ile ile. Pointi za distribyuta, zile zinazokata na kuunga umeme ili plagi zipate moto, tulizipima kwa fila geji. Nafasi inayotakiwa ni milimita 0.35 hadi 0.40, zake zilikuwa zimeungua na zimeachana kupita kiasi. Tukaweka mpya pamoja na kondensa, tukarekebisha taimingi. Injini ikachangamka kidogo. Harufu ikabaki pale pale.

Kichujio cha hewa cha gari hili hakina karatasi. Ni bakuli la oili, hewa inapita juu yake na vumbi linanaswa. Mtu alikuwa amelijaza kupita alama, kwa nia njema kabisa, akidhani oili nyingi itazuia vumbi zaidi. Oili ikizidi, injini inavuta hewa kwa shida, na petroli inakuwa nyingi kuliko hewa. Tukapunguza.

Petroli yenyewe tuliimimina kwenye chupa ya jamu, tukaiacha itulie. Chini pakajitenga duara la maji, upana wa shilingi. Huku pwani hilo ni jambo la kawaida, hasa tanki likilala nusu tupu usiku wenye unyevunyevu. Ila maji hulifanya gari likatekate, hayatoi moshi mweusi. Tukasafisha tanki, tukaendelea.

Boya la kabureta tulilizamisha kwenye maji ya moto, mbali na moto wowote. Boya lililotoboka hutoa vipovu, na boya lililoingia petroli huzama na kuiacha wazi sindano inayofunga petroli, kabureta ikafurika. La mzee lilikuwa zima.

Hapo ndipo tulipoigeukia skrubu ya mchanganyiko, ile inayopima petroli ya sailensi, injini inaponguruma bila kukanyagwa. Kipimo hiki kila mwenye gari la namna hii anaweza kukifanya mwenyewe. Injini ikiwa imepata joto, funga skrubu hiyo polepole hadi mwisho, bila kuikaza, huku ukihesabu mizunguko ili uirudishe ilipokuwa. Injini nzima lazima izime, kwa sababu umeikatia petroli ya sailensi. Ya mzee haikuzima. Haikubadilika hata sauti. Maana yake petroli ilikuwa na njia nyingine ya kuingia, na skrubu ilikuwa ikizungushwa bure miezi yote hiyo.

Tukafungua kabureta, tukaweka rula ya chuma juu ya uso wa kipande cha juu, pale kinapokutana na cha chini, tukaushika mbele ya taa. Mwanga ulipita katikati. Uso ulikuwa umepinda. Uwazi huo mwembamba kama ukucha ulitosha injini kufyonza petroli moja kwa moja bila kupitia kwenye jeti, vile vitundu vinavyoipima. Na oringi ndogo ya mpira iliyojificha ndani, kati ya vipande hivyo viwili, ilikuwa imekauka. Niliiminya kwa vidole ikakatika kama tambi mbichi.

Kilichopinda chuma hicho ni joto la miaka mingi na mikono ya mafundi. Kabureta ni chuma laini. Kila aliyeifungua aliirudisha kwa kukaza skrubu kwa nguvu zake zote, akiamini hivyo ndivyo uvujaji unavyozuiwa, na kila mkazo ukauvuta uso pembeni na kuunyanyua katikati. Kwa hiyo kule kuosha mara nne kulizidisha ugonjwa. Nasema hivi kwa uchungu, maana mzee alilipa mara zote nne.

Dawa yake ni kazi ya mkono. Tulilaza msasa laini wa maji juu ya kipande cha kioo kinene, tukauchora uso mistari ya penseli, kisha tukausugua kwa kuuzungusha taratibu bila kuugandamiza. Penseli hufutika kwanza pale palipoinuka. Ikifutika yote kwa usawa, unaacha hapo hapo. Ukiendelea unakula chuma ambacho hakirudi. Oringi mpya, gasketi mpya, na skrubu zikakazwa kwa kupokezana, kidogo kidogo, kama unavyokaza nati za gurudumu.

Mzee alipokuja aliiwasha mwenyewe, akaondoa mguu, akakaa kimya akisikiliza. Kisha akaniambia nifunge ile skrubu aone. Nikaifunga, injini ikazima. Akacheka hadi akashika usukani.

Kabureta mpya tunaiweka pale inapobidi: mhimili wa kipepeo, kile kibati kinachofungua njia ya hewa unapokanyaga mafuta, ukiwa umelika hadi unachezacheza, au chuma kimepasuka. Nakala za bei nafuu tunazipima kwa rula kabla ya kuzifunga, kwa sababu tumeshatoa kwenye boksi zilizopinda tangu mwanzo. Uchunguzi wetu una bei moja, tunakutajia kabla ya kushika spana, na spea yoyote tunayoitoa tunakurudishia mkononi uione.

Ukituletea gari, lilete likiwa limelala baridi usiku kucha, maana tunataka kuona linavyowaka asubuhi. Plagi usizisugue, masizi hayo ndiyo maelezo tunayoyasoma kwanza. Na vile vipande vilivyotolewa na mafundi waliotangulia, hata kama ni jeti moja iliyofungwa kwenye karatasi, njoo navyo. Kwenye gari la mzee jeti moja haikuwa yake. Ya asili tuliikuta ndani ya kiberiti kitupu chini ya kiti cha dereva.