Matatu moja na nusu

Kongowea, Novemba 2025

Karisa ndugu yangu,

Salamu sana. Huku hatujambo, ila jua na wateja wabishi. Najua nimenyamaza tangu Idi, na deni lako sijalisahau, usianze nalo.

Nakuandikia kwa ajili ya tarehe 27, ule uchaguzi mdogo wa ubunge huko kwetu Magarini. Jana Mama Sidi alipita kibandani, asinunue hata fungu moja la nyanya, akanikazia macho: "Safari hii utakuja, au utatuacha tena?" Soko zima likacheka. Nami nikacheka, lakini lilinichoma.

Wakumbuka 2022, kwenye ubunge Kombe alimpita Kenga kwa kura 21. Ishirini na moja, Karisa! Siku ile niliihesabu nauli ya Gongoni mara mbili nikaona heri nilipe kodi ya nyumba. Charo naye akabaki, na wale vijana wa kupakua magunia, wote kura zao ziko Magarini. Matatu ni abiria 14. Matatu moja na nusu ingetosha, kesi yote ile isiwepo. Sisemi tungempigia nani, hilo tutabishana nikifika.

Korti ya Malindi ikafuta matokeo, rufaa zikafuata, kisha uchaguzi mdogo ukakosa wa kuusimamia. Katiba yataka siku 90. Tume ya uchaguzi ikakaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai mwaka huu. Na wenzetu wa Banisa je? Mbunge wao alifariki Machi 2023, wangoja mpaka leo.

Vyama ndiyo usiniulize. Kenga aliyesimama na UDA juzi sasa ni wa DCP, na UDA wenyewe wamemwachia ODM uwanja. Mtu akivaa fulana yake ya 2022 leo atapigwa na watu wake.

Charo ati nihamishe kura nije hapa Nyali, maana uandikishaji ulifunguliwa tena Septemba. Nikamuuliza, na shamba la mama nalo nilihamishie Kongowea? Akanyamaza. Ila nisikufiche, usiku nililiwaza hilo. Nyali ningepiga kura saa mbili na saa tatu niko kibandani. Halafu nikaikumbuka ile 21.

Taabu yenyewe ni kwamba ni Alhamisi, na lori la nyanya huja Jumatano usiku. Kumwachia Charo kibanda siwezi, wamjua, atakula faida na mtaji. Labda nimwombe mke wa Juma. Nikitoka hapa Jumatano saa tisa, ile foleni ya Mtwapa ikinihurumia, nitavuka daraja la Sabaki usiku usiku, na matatu ya Gongoni saa hizo...

Basi, naweza kulala kwako? Mbwa yule bado yupo? Na waweza kunitazamia jina langu kwenye sajili pale shuleni, nisije nikafunga safari bure? Hao wagombea wakija kwenu husema lolote juu ya ardhi ya kule kwenye mashamba ya chumvi, au ni ngoma na leso tu? Mama Sidi kaniwekea dau na nani, maana nimesikia kuna dau?

Nijibu upesi, lori halingoji. Deni nitakuja nalo. Nusu.

Ni mimi,
wako wa nyanya